Difu Aliyoichomelea Magesa

Funguo za lori nimekabidhi, chai ya kuniaga tumekunywa, na hotuba zilikwisha kabla mtu hajasinzia, jambo ambalo kwenye chama chetu ni la kushukuru. Nimeombwa niandike kidogo kwa ajili yenu mnaobaki. Habari za vyeo msizitafute humu. Niliingia dereva nikatoka dereva. Ninachotaka kuwaachia ni habari ya difu ya nyuma ya lori la bluu, kwa sababu mpaka ninapoandika bado imechomelewa, na mmoja wenu atalitoa yadini kesho asubuhi. Lori lile liliwahi kutaka kumuua mtu aliyelichomelea, mimi nikiwa kwenye usukani. Someni mpaka mwisho, ndipo mliwashe.

Nilianza kazi yadi ya maziwa ikiwa bado Buhare, kabla haijahamia Bweri ilipo sasa. Nilikuwa nimeendesha gari la parokia kwa miaka kadhaa, nikibeba masista, saruji, na mara nyingine vyote pamoja. Siku ya kwanza nilipoingia getini, wanaume waliokuwa wamekalia keni tupu za maziwa walisogea wanipishe, wakidhani nimeleta uji. Nikawaambia mimi ndiye dereva mpya. Mmoja akacheka, mwingine akauliza mume wangu anasemaje, na wa tatu, ambaye alikuwa chini ya lori miguu tu ikionekana, akasema nimpe spana ya kumi na saba. Huyo wa tatu ndiye Magesa.

Magesa alikuwa fundi wetu pekee. Mtu mfupi, Mzanaki wa vijiji vya nyuma ya Butiama, mwimba besi kanisani, mkali kwa spana zake kuliko alivyokuwa kwa watoto wake. Nilimpa spana, akaniambia nitandike gunia nilale pale alipolala yeye. Nilikuwa nimevaa gauni la Jumapili, maana nilidhani siku ya kwanza ni ya kusaini tu. Nikalala. Tulikaa chini ya lori mpaka saa ya chakula, akinitajia kila chuma kwa jina na kunitaka nimrudishie. Imani yake ilikuwa kwamba dereva asiyejua tumbo la gari lake atakuja kumsumbua fundi, na yeye hakupenda kusumbuliwa. Gauni lile halikurudi kanisani. Nililigeuza matambara, na yalifuta oili kwa muda mrefu.

Kazi yenyewe mnaijua. Asubuhi unazunguka vijiji vya Butiama, wafugaji wanakungoja barabarani na maziwa yao, unarudi Musoma kabla jua halijayaharibu. Siku nyingine ni Bunda, na enzi zile kuna wakati tulitumwa mpaka Murangi. Dereva wa mchanga akichelewa, mchanga unabaki mchanga. Sisi tukichelewa, tunashusha mgando, na kesho yake kuna mama mfugaji anakutazama kana kwamba umemwaga kwa makusudi. Ndiyo maana lori letu halikuwahi kupewa nafasi ya kuumwa vizuri.

Kwa ambaye hajalala chini ya gari, difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Gari likikata kona, gurudumu la nje linapita njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu yasilingane mwendo. Ubaya wake ni tope. Gurudumu moja likikosa pa kukanyaga, nguvu yote inakimbilia kwake, linazunguka bure, na mwenzake anakaa tu anaangalia. Masika fulani tulikwama hivyo njia ya Murangi, kwenye ule udongo mweusi ambao ukilowa unanata kama ugali wa muhogo. Nikakanyaga mafuta kwa hasira. Kitu kikavunjika huko nyuma, na lori likakataa kwenda mbele wala nyuma. Meno ya difu yalikuwa yameng'oka.

Tulivutwa na trekta mpaka nyumbani. Difu nyingine haikupatikana Musoma, wala Mwanza, na maziwa yalikuwa yanakamuliwa kila siku kama kawaida. Magesa akaifungua, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akazichomelea zile gia ndogo za ndani zikawa kitu kimoja. Tangu hapo magurudumu ya nyuma yanazunguka kwa pamoja, liende moja lisiende moja, hakuna kuachana. Akafuta mikono, akaniambia hiyo ni ya wiki moja tu, mpaka kifaa kifike. Wiki ile haijaisha.

Siku ya kwanza nililitoa yadini, nikakata usukani kulia, na lori likaenda mbele. Tairi la ndani lilipiga kelele lami ikanuka mpira, mgongo wa lori ukaruka ruka, na sisi tukawa tunaelekea kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi ukingoni mwa barabara. Nilisimama kabla ya kumfikia. Mama yule aliinua jiko lake na mahindi juu yake, akahama. Kesho yake nilimkuta ng'ambo ya pili, na tulisalimiana vizuri tu mpaka alipoacha biashara.

Nilijifunza upya kuendesha, na ninyi mtajifunza. Kona mnaianzia mbali, mnaichukua kwa upana, na mguu mnautoa kwenye mafuta kabla usukani haujageuka. Lami ikilowa, msijaribu kulishangaza lori, maana nalo litawashangaza. Mabega yatauma. Matairi ya nyuma yataisha mapema na mhasibu atawauliza mnayafanya nini, mwambieni mnayala. Magesa alikata ukanda wa mpira kutoka kwenye chubu kuukuu ya tairi, akaufunga kwenye usukani, upande wa juu, ili yeyote atakayeingia ndani aushike kabla ya kushika kitu kingine na ajue lori hili haligeuki kama mengine. Mkiukuta umetolewa na mtu anayependa usafi, fungeni mwingine.

Lakini kwenye tope, jamani, lilikuwa mnyama. Lilipita pale ambapo matrekta yaligeuza. Nimevuta magari ya serikali, nimevuta gari la harusi na bibi harusi ndani yake, na siku moja nimemvuta dereva wa Bunda aliyekuwa ameapa kwamba gari la kuendeshwa na mwanamke hatalipanda. Mguu wangu ulizoea: likianza kusita, kanyaga mafuta, litatoka. Nililichukia lori lile kwenye lami na nililipenda kwenye tope, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokuwa hatari.

Yalikuja ya Bunda. Nilikuwa nakata kona nyembamba kuingia sokoni, mzigo umejaa, nikasikia mlio mmoja mkubwa. Shafti ilikuwa imekatika, yaani ule mchuma mrefu unaotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu. Kila upande una wa kwake. Kona za namna ile huzikata, kwa sababu difu ikikataa kuachia, lazima kitu kingine kiachie. Nikampigia Magesa simu nikijua nitalala Bunda. Akacheka. Akaniambia nifungue nati za katikati ya gurudumu, nitoe vipande vya shafti, nizibe tundu kwa tambara oili isimwagike, niwashe nije. Kwa difu ya kawaida gari lisingesogea, alisema, ila ile iliyochomelewa ingenileta kwa gurudumu moja. Na kweli nilifika.

Jioni ile yadini nilimwambia kitu kilichonishangaza. Palikuwa na kipande cha utelezi njiani ambapo lori huwa linatupa mkia, na siku hiyo lilipita limetulia. Magesa alichora kwa chaki sakafuni. Gurudumu lisilovutwa linafuata tu, alieleza, na kwa kuwa halizunguki bure, linashika ardhi na kuuzuia mkia usiende pembeni. Nikasema sawa, nikaenda kulala. Chaki ile niliikumbuka miaka kadhaa baadaye.

Ilikuwa masika tena. Magesa alikuwa likizo kijijini kwake, anapalilia. Nilifika kituo chetu cha mwisho cha maziwa, kijijini kwake huko huko, mchana, mvua imepungua kidogo, nikakuta watu wamesimama nje ya zahanati na hakuna anayeshughulika na keni. Magesa alikuwa amelazwa kwenye benchi la barazani, magoti ameyakunja tumboni, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Mkewe, Nyasatu, alikuwa ameshika kichwa chake. Nyasatu ni mwanamke mnene, mpole, mzito wa maneno.

Tabibu wa pale, kijana mtulivu aliyejua kazi yake, alinieleza kwa kifupi. Magesa alikuwa na ngiri aliyoificha kwa miaka, sasa imebana, utumbo umenasa. Asipopasuliwa siku hiyo hiyo, kabla ya giza, utaoza ndani na atakufa. Alikuwa ameshapiga simu mjini. Gari la wagonjwa lilifika mpaka ng'ambo ya mto likasimama, kwa sababu maji yalikuwa yamefunika daraja la njia ya chini, na kumvusha mtu wa hali ile kwa mikono kwenye maji yale kulikuwa ni kumzika. Ilibaki njia ya juu, ile iliyochongwa ubavuni mwa kilima. Na lilibaki gari moja la kuipita, nalo lilikuwa langu.

Njia ya juu mnaijua. Ukitoka kijijini kuelekea mjini, kulia ni kilima, kushoto ni bonde, na barabara imeinamia bondeni. Kwa difu ya kawaida, gurudumu moja likizunguka bure, la pili linabaki limeshika na mkia unatulia. Kwa difu yetu yote mawili yanateleza kwa pamoja, hakuna linaloshika, na mkia unafuata mwinamo. Mvua ikinyesha tulikuwa hatuipiti. Magesa mwenyewe ndiye aliyetukataza.

"Mama Bwire," alisema, macho amefumba, "njia ya juu na difu ile hatupitagi mvua."

"Najua, fundi."

"Itashuka na mkia."

"Najua. Unataka tubaki?"

Alipumua kama mtu anayepandisha mzigo. "Hapana," alisema. "Nataka kufika."

Tulimtandikia godoro nyuma, chini ya turubai. Keni zote za maziwa nikaamuru zifungwe upande wa kulia, wa kilima, ili uzito ukae juu. Nyasatu akapanda akakaa naye. Masatu, utingo wangu, mtu mzima mwenye mikono ya kuaminika, akakaa mbele, mlango wa kushoto. Majirani wawili, wafugaji, nao wakapanda bila kuulizwa, kwa sababu kwetu mgonjwa hasindikizwi na mtu mmoja. Tabibu akatuma ujumbe kwamba gari la wagonjwa lizunguke litungoje kwenye lami. Mvua ikaanza upya.

Mwanzo lilipanda vizuri. Nilikuwa kwenye gia ya pili, mwendo wa ng'ombe anayerudi zizini. Nilikuwa naogopa, na sioni haya kuandika. Kioo kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi yangu. Kila lori liliporuka nilimsikia Magesa akiguna huko nyuma, na aliponyamaza niliogopa zaidi. Tulipofika kwenye kona yenye jiwe kubwa, nikausikia mkia.

Haukwenda kwa kishindo. Uliteleza polepole kushoto, kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwenzake. Mguu wangu ulitaka kukanyaga mafuta. Miaka yote ile tope lilikuwa limeufundisha hivyo, na ningekanyaga, magurudumu yote mawili yangezunguka na tungekwenda moja kwa moja bondeni. Niliutoa. Lori likaendelea kuteleza kidogo, likasimama. Nilivuta breki ya mkono, nikachungulia kupitia mlango wa Masatu. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limekaa ukingoni, na udongo ulikuwa unamong'onyoka chini yake unaanguka. Nilisikia mawe yakifika chini baada ya muda.

Wale majirani walisharuka. Kwao mkokoteni wa ng'ombe ukitaka kulala, mwanamume anakwenda upande wa chini anaweka bega, na ndicho walichokwenda kufanya: walijibana kati ya lori na bonde, mabega kwenye bodi, wanasukuma. Lori lingeshuka kidogo tu lingewafuta. Niliwatukana. Maneno yale siyaandiki, wengine wenu ni wanakwaya. Walitoka, wakanitazama kwa kuudhika, na mmoja wao mpaka leo ananisalimia kwa mkato.

Masatu alisema tumbebe mgonjwa mabegani. Nikatazama barabara iliyobaki mbele yetu, nikatazama anga, nikajua tungefika lami na maiti. Nyasatu alikuwa ametoa kichwa nje ya turubai ananiangalia. Nikarudi ndani, nikaweka paji la uso kwenye usukani, si kwa sala, ni kwa kuishiwa. Ule ukanda wa mpira ukanigusa kwenye nyusi. Nikaikumbuka ile chaki.

Nilimwambia Masatu tunatoa shafti moja. Akanielewa haraka, maana vipande vya Bunda ni yeye aliyevitupa. Akachukua spana ya kumi na saba chini ya kiti akaelekea upande wa kushoto, wa bonde, ambako nati zilikuwa nyepesi kwa kuwa Magesa alizifunga upya kabla ya likizo. Nikamshika shati. Upande ule lori likishuka linamshukia yeye. Tukatoa ya kulia, ya kilimani, nati zake zimeshika kutu, lakini mtu anafungua akiwa juu.

"Breki ya mkono itashika?" aliuliza.

"Nusu tu."

Breki ya mkono ya lori lile inashika magurudumu ya nyuma kupitia shafti hizo hizo. Ukitoa moja, umetoa nusu ya breki, kwenye mlima, kwenye utelezi, na mtu amelala nyuma. Wale wafugaji niliwahitaji kwenye mawe, kila gurudumu liwe na jiwe nyuma yake. Masatu nilimhitaji kwenye nati. Mimi nilitakiwa niivute shafti kwa sababu mikono yangu iliwahi kuitoa. Tulihitaji mtu wa breki ya mguu, na tulikuwa tumeisha.

Nyasatu alishuka. Alizunguka upande wa juu, akapanda kwenye kiti changu, mwanamke ambaye hajawahi hata kukaa mbele.

"Nionyeshe ni ipi," alisema.

Nikamwonyesha ya katikati. Hakuikanyaga, aliisimamia, miguu yote miwili, mikono imeng'ang'ania usukani, mgongo umegusa dari.

"Nikitoa mguu?"

"Usitoe."

Tulifungua nati moja moja. Nyingine zililia, moja ilianguka kwenye tope na tukaiacha. Ya mwisho ilipotoka, shafti ilibaki imeganda mahali pake. Nikachukua nyundo nikagonga. Haikusogea. Nikagonga tena, kwa nguvu, na sauti ikatoka juu ya kichwa changu, ndani ya turubai.

"Gonga pembeni. Usigonge katikati."

Ilikuwa sauti ya mtu anayekufa na bado ilikuwa inakosoa. Nikagonga pembeni. Ikaachia. Nilipoanza kuivuta nje, lori likasogea. Upana wa kiganja hivi, si zaidi, jiwe likasaga, wafugaji wakatoa sauti, na mimi nikiwa nimepiga magoti nimekumbatia mchuma nikasema moyoni basi, nimemuua. Likasimama. Nyasatu hakuwa amepiga kelele. Nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, amefumba macho, miguu haijatoka kwenye breki.

Oili ilikuwa inamwagika. Niliomba tambara. Nyasatu, bila kufumbua macho, alitoa mkono mmoja kwenye usukani akavua kilemba chake akakirusha nje. Ndicho kilichoziba tundu.

Kubadilishana kulikuwa kugumu kuliko shafti. Nilijipenyeza pembeni yake, nikaweka mguu wangu kwenye nafasi ndogo iliyobaki juu ya breki, nikamwambia atoe mmoja. Akatoa. Nikaweka wa pili, nikamwambia atoe uliobaki. Alikataa kwanza, alitikisa kichwa tu. Nilimwambia Magesa anamhitaji nyuma. Akatoa, akateremka, na nilimwona akishika bodi kwa mkono njia nzima mpaka alipopanda.

Niliingiza gia ya kwanza, nzito. Nilisahau kila kitu ambacho tope lilinifundisha. Niliachia klachi polepole mno, mguu wa mafuta ukiwa karibu haupo, na gurudumu moja la nyuma likaanza kuvuta, la upande wa bonde, lililobeba uzito. La kulia halikuwa na kazi yoyote, lilifuata tu, limeuma ardhi. Mkia ulitaka kwenda. Niliusikia ukitaka. Haukwenda. Masatu alitembea upande wa kilima na gogo mkononi, akilitupa nyuma ya tairi kila tuliposita, na wafugaji walitembea nyuma yake, kwa mbali, wakiwa wamejifunza. Tuliipita kona, tukaupita mlima, na nilipoona mti wa kwanza wa upande wa pili nikaanza kulia huku naendesha. Sikuwa na mkono wa kufuta.

Gari la wagonjwa lilikuwa limefika kwenye lami. Tulimhamisha Magesa, Nyasatu akapanda naye kichwa wazi. Nikawafuata mpaka Musoma kwa gurudumu moja, na cha ajabu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile, lori likakata kona za mjini bila kelele, kama la watu wengine. Alipasuliwa jua bado lipo. Maziwa, kama mnataka kujua, yaliganda yote, na wafugaji hawakusema kitu.

Nilipomwona wodini alikuwa na mpira puani na mdomo umekauka. Aliuliza jambo moja kabla ya salamu: nilitoa shafti ya upande gani. Nikamwambia ya juu. Akafumba macho akatikisa kichwa kukubali, kama siku ile niliyomrudishia majina ya vyuma vyote. Kisha akasema, taratibu, bado amefumba macho, "Niliogopa, mama. Niliisikia inateleza, nikajua ni mkono wangu ule uliochomelea." Nilimshika mkono wenyewe, tukakaa hivyo mpaka muuguzi aliponitoa.

Baadaye chama kilileta difu nzima ya mtumba, na Magesa aliifunga kwa furaha. Masika yaliyofuata iling'oka meno kule kule kwenye udongo mweusi. Akachomelea tena, safari hii bila kusema ni ya wiki moja. Aliishi miaka mingi baada ya pale, alicheza na wajukuu, alinigombeza kwa namna ninavyobadili gia. Alifariki kwa uzee, usingizini, kwenye nyumba yake ya mjini, na familia ikaomba lori la maziwa limpeleke kijijini. Tuliliosha siku nzima.

Ilikuwa kiangazi. Njia ya chini ilikuwa inapitika, nyeupe kwa vumbi, lakini tulipofika zinapogawanyika, Nyasatu, aliyekuwa amekaa mbele na mimi, alisema tupite juu. Nikakata kuelekea juu. Kabla mwinamo haujaanza nikasimama. Barabara ilikuwa kavu kabisa, hata mtoto angelipitisha lori pale. Nilichukua spana ya kumi na saba chini ya kiti, nikashuka, nikaanza kufungua nati za shafti ya upande wa kilima. Waombolezaji walikuwa nyuma kwenye magari mengine, na nilisikia mmoja akiuliza gari limeharibika nini.

Nyasatu alisogea kwenye kiti changu, akavua viatu, akasimama juu ya breki kwa miguu yote miwili mpaka nilipomaliza.